Pipa la Asukulu

Mumbua, Mkenya tunayefanya naye utafiti wa udongo hapa chuoni Columbus, Marekani, alirudi juzijuzi kutoka Uskoti akiwa na picha nyingi kuliko nguo. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wanasayansi, na siku ya mapumziko wakapelekwa na basi hadi mji mmoja mdogo ambao, kwa maelezo yake, hauna kazi nyingine ila kupika wiski. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba yake, huku kwenye mitaa ya wanafunzi, tunakula chapati. Akanipa simu nijitazamie mwenyewe.

"Ni kamji kadogo tu, street moja," aliniambia. "Na kumetulia, hadi unaskia mto. But unaona vile kuta ziko black? Mimi nilidhani ni moshi."

Mji ule niliujua. Niliijua ile mito miwili inayokutana chini ya daraja la mawe, nyumba za kijivu zilizobanana, mapaa yenye ncha juu ya mitambo ya pombe, na weusi ulioshuka kutani kama masizi ya jikoni. Nilijikuta nimeikuza picha kwa vidole viwili, nikipita dirisha moja baada ya jingine, polepole. Mumbua akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natazama tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta baba yangu mdogo, Asukulu, kama nilivyomtafuta nikiwa mtoto, sasa mtu mzima na shahada zangu.

Sisi ni Wakongo, Wabembe wa Fizi, na mimi nililelewa Highview, upande wa kusini wa Louisville, jimbo la Kentucky, kwenye nyumba za kupanga zilizotazamana na maduka ya pizza na ya simu. Kabla ya hapo tuliishi kambini Tanzania, lakini kambi siikumbuki vizuri. Kumbukumbu yangu inaanzia Kentucky. Papa alipata kazi kwenye maghala ya wiski. Huko wiski hulazwa kwenye mapipa ya mti kwa miaka mingi, na kwa kanuni yao lazima pipa liwe jipya. Likishamwagwa mara moja wao hawalitaki tena, kwa hiyo hulipakia kwenye kontena na kulipeleka Uskoti, ambako watu hawana maringo ya namna hiyo. Kazi ya Papa ilikuwa kuyaviringisha yale mapipa matupu mpaka ndani ya kontena. Kanisani kwetu pombe ilikuwa dhambi kubwa, basi mtu akimuuliza alisema anafanya kazi ya "entrepôt," na kwa kuwa karibu kila mtu pale alifanya kazi ya ghala la namna fulani, hakuna aliyechimba zaidi.

Mwaka mmoja wakubwa wake waliwagawia kalenda, na ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mji huo wa Uskoti. Kalenda ilipokwisha, Papa aliukata ukurasa ule akaubandika sebuleni, juu ya televisheni.

"Mapipa yangu yote yanaendaka hapa," alisema, kama mtu anayeonyesha shule wanayosoma watoto wake.

Hapakuwa na mtu hata mmoja barabarani katika picha ile. Nililiona jambo hilo mapema na halikunipendeza. Mji mzima, milango imefungwa, na kuta nyeusi. Weusi wenyewe tuliujua, maana hata kazini kwa Papa ulikuwepo. Siku ya kwanza tulipokwenda kumchukua kwa gari, na Koko, bibi yetu mzaa Papa, akiwa amekaa mbele, tuliikuta miti ya pale imekuwa myeusi mpaka kwenye vitawi, na alama za barabarani pia, na nyumba za majirani.

"Nani alichomaka huku?" Koko aliuliza.

"Hakuna mutu alichoma, Mama. Ni mvuke ya pombe. Inatoka mu mapipa kidogokidogo, inalisha ukungu mweusi. Bazungu banasema ile inayopotea ni ya bamalaika."

"Bamalaika ya huku banakunywaka?"

"Ni vile banasema."

"Bon," alisema Koko, akageuza uso dirishani. "Ndiyo maana habatusikiake."

Sasa niseme habari za Asukulu kama nilivyozisikia, vipande vipande, kutoka chini ya meza na nyuma ya milango, kwa sababu hakuna aliyewahi kunikalisha akanisimulia. Alikuwa mdogo wake Papa, kitinda mimba wa Koko. Enzi hizo Koko alikuwa akipika lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo, na aliipika vizuri kiasi kwamba watu walitembea kutoka vijiji vingine kuifuata. Siku watu wenye bunduki walipoingia kijijini, Asukulu alikuwa na homa, hawezi kukimbia. Wakamficha ndani ya pipa la kuchachushia. Papa ndiye aliyembeba akamweka humo na kufunika, halafu kila mtu akakimbilia alikokimbilia. Koko alirudi wa kwanza, akalikuta pipa tupu. Hivyo ndivyo alivyosema: pipa tupu, mtoto hayumo, lazima amechukuliwa na majirani waliokimbilia upande mwingine.

Pipa tupu ndilo lililotulea. Kwa ajili yake, kila Jumapili baada ya ibada Papa alikaa kwenye kochi na kupiga simu Kigoma, Bujumbura, Lubumbashi, Nairobi, kuuliza kama kuna aliyemwona kijana anayeitwa Asukulu, wa Fizi. Koko alikaa pembeni yake akisikiliza, mikono mapajani. Na kila mwaka Papa alimwongezea mdogo wake umri. "Donc, sasa atakuwa kijana ya kuoa," nilimsikia akisema. Baadaye: "Atakuwa na ndevu." Wakati mwingine alimwongezea na kimo, akisema katika ukoo wao wanaume ni warefu, basi atafutwe mtu mrefu. Nilimpenda sana baba mdogo huyo mrefu mwenye ndevu. Nilimtazamia kama watoto wenzangu walivyotazamia Krismasi.

Mtoto akiachiwa vipande huvishona mwenyewe. Mimi nilivishona hivi: Asukulu aliingia kwenye pipa na hakuonekana tena. Mapipa matupu yote huenda kwenye mji ule mdogo. Basi Asukulu yuko kule, nyuma ya moja ya madirisha yale, na watu wote waliopotea wako naye, ndiyo sababu barabarani hakuna mtu, maana wanajificha bado. Sikumwambia yeyote. Niliona ni jambo la wazi, na nilifikiri wakubwa wanaona aibu tu kulisema.

Kitu kingine nisichokielewa kilikuwa mkeka wa Koko. Tulilala chumba kimoja, mimi naye. Kanisa lilitupatia vitanda viwili vizuri, vyenye magodoro, na cha kwake hakikuwahi kukunjwa shuka. Koko alitandika mkeka wake sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, akalala hapo kiangazi na wakati wa theluji. Mama yangu alisema ni mazoea ya kambi. Papa alisema ni kiuno, daktari anapenda watu walale pagumu. Mimi niliamini anaogopa kuanguka. Kumbe siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe ilikuwa imelala pale chini, ikitazama dari.

Kiangazi nilichomaliza darasa la tatu, Papa alirudi na pipa kwenye gari la rafiki yake. Pete moja ya chuma ilikuwa imekatika, wakalikataa kwenye kontena, naye akaruhusiwa kulichukua. Koko alikuwa amemwomba pipa kwa muda mrefu, akisema anataka kupandia lengalenga, yaani mchicha. Papa akatoa msumeno alikate nusu, kama wanavyofanya wazungu kwa maua yao.

"Usikate," Koko alimwambia. "Unitolee tu mufuniko."

"Mama, lengalenga haiwezi kuota mu pipa ya urefu hii."

"Utoe mufuniko, nimesema."

Papa akazigonga pete zikalegea, akakitoa kifuniko cha mbao, akakiegemeza ukutani. Ndani mti ulikuwa mweusi, umechomwa na watengenezaji wenyewe kama wanavyochoma yote. Nilitazama kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama. Papa hakutazama. Alilisukuma pipa mpaka kwenye stoo yetu ya nje, kachumba kasiko na dirisha kalikofungukia kwenye baraza, huku amegeuza uso pembeni, kama unavyombeba paka asiyekupenda.

Kwangu mimi lilikuwa tukio kubwa. Pipa lililopaswa kwenda kwenye mji ule halikwenda, limerudishwa, na limerudishwa kwetu. Nilianza kulizunguka.

Mama yangu alikuwa akienda kazini asubuhi, kutunza wazee wa kizungu, Papa hivyohivyo, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa wawili, mimi na Koko. Koko akaanza kazi. Alinituma dukani kwenye kona kuuliza ndizi zilizoiva mpaka kuwa nyeusi, zile wanazotaka kutupa, na mwenye duka akatugawia maboksi. Akatafuta nyasi za kukamulia, akazinusa zile za uani akazitupa: "Hizi ziko na dawa." Tukakamua kwa maganda ya mahindi. Akakaanga unga wa mtama kwenye sufuria mpaka nyumba nzima ikanukia. Juisi ya ndizi, maji, unga, vyote vikaingia kwenye pipa, akalifunika kwa shuka lake jipya la kanisa. Ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, pombe ya kunywa watu wengi kwa heshima. Ile kali hakuigusa.

"Papa asijue?" niliuliza.

"Papa yako ni mutu ya kanisa. Aache tu."

"Ni ya nani?"

Alikuwa ameinama, mikono imefunikwa na majimaji ya ndizi mpaka kwenye viwiko. Akasema bila kuinuka, "Ya Asukulu."

Sikuuliza tena. Nani huuliza mara mbili habari njema? Nilijua pombe hupikwa mgeni anapokuja. Nilifikiri: kumbe Koko naye anajua.

Kesho yake pipa likaanza kutoa sauti. Yeyote aliyepika pombe anaijua sauti hiyo, povu linapanda na kupasuka, mchakato wa kawaida kabisa ambao leo ninaweza kukuandikia ubaoni. Wakati ule nilibandika sikio kwenye mti na kumsikia mtu akinong'ona, karibu sana, bila kuvuta pumzi. Niliogopa mpaka miguu ikawa baridi kwenye joto lile la Julai. Lakini nilikaa. Nilimsalimia. Nilimweleza kwamba tuna vyumba viwili na choo cha ndani, kwamba kitanda cha Koko hakina mtu, anaweza kukitumia. Nikamfundisha maneno machache ya Kiingereza ya kuanzia, kwa sababu mjomba wa rafiki yangu alifika bila Kiingereza na alipata shida. Nikanyamaza kumpa nafasi, na yeye akaendelea kunong'ona. Nikaona ni mtu mwenye haya.

Unaweza kushangaa Papa hakunusa. Papa alikuwa ndani ya harufu ya mapipa kutwa. Pua yake ilishajiuzulu.

Siku ya tatu hivi joto lilizidi, hata mbwa wa majirani hawakubweka. Koko alikuwa jikoni akiosha chujio, maji yanamwagika kwa kelele. Mimi niliingia stoo, nikarudisha mlango nyuma yangu ili yale mazungumzo yawe yetu, nikageuza ndoo nikapanda juu yake. Kunong'ona kulikuwa kumepungua, na hilo lilinitia wasiwasi. Nikafunua shuka. Chini kulikuwa na giza, povu la kahawia, na kati yangu na povu nafasi tupu ya kina cha mikono yangu. Hapana uso. Nikaingiza kichwa.

"Baba mdogo," nikasema, "toka tu."

Pua ilinichoma, kama unapopaliwa na soda. Machozi yakanitoka. Nikainama zaidi, maana nilidhani amekaa chini kabisa, na kichwa kikawa chepesi, kitamu, sikusikia tena maji ya jikoni. Kitu ninachokikumbuka ni kwamba sikuwa na hofu hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi palivyokuwa pazuri.

Mikono ikanishika kiunoni na kunirusha. Nilitua kwenye baraza, mgongo kwenye saruji, jua usoni. Papa alikuwa juu yangu, na viatu vya kazi na fulana yake ya kung'aa. Kazini walikuwa wamewaachia mapema kwa sababu ya joto. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa vile. Alinitikisa mabega.

"Humo hakuna hewa!" alipiga kelele. "Haunisikii? Hakuna hewa! Utakufa sawa Asukulu!"

Jikoni maji yakafungwa.

Koko alitokea mlangoni na chujio mkononi. Papa alikuwa bado ameniinamia, akihema, na nikaona alivyotambua kile alichokisema. Hakugeuka kumtazama mama yake. Alinisaidia kukaa, akanifuta pua kwa fulana yake, akanifuta tena mahali palepale.

"Umesema nini?" Koko aliuliza.

"Hapana, Mama. Ni woga tu."

"Umesema sawa Asukulu."

Papa akakaa chini palepale, kwenye saruji, karibu nami.

"Nani alikuambia?" Koko akauliza tena, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mi sijaambiaka mutu."

Ndipo Papa akaeleza, akiitazama mikono yake. Wiki yake ya kwanza kazini, kabla hawajamruhusu kugusa chochote, waliwakalisha wageni wote kwenye chumba wakawafundisha usalama. Mwalimu akasema mahali pombe inapochachia hutoka hewa nzito isiyoonekana, inakaa chini ya pipa kama maji. Hata pipa likiwa limemwagwa, makapi kidogo yakibaki, ile hewa iko. Mtu akiingia hasikii maumivu. Analala tu. Na ukifunika, ndiyo kabisa.

"Batu bote walikuwa naandika," alisema Papa. "Wengine walikuwa nacheka. Mi niko pale nasikiliza habari ya mudogo yangu, mu Kiingereza."

"Toka wakati ile unajua?"

"Toka ile siku."

"Na masimu? Kila Jumapili, masimu yote ile?"

"Nilikuwa napiga juu yako, Mama. Uliniambia pipa ilikuwa tupu. Nikasema, kama mama yangu angali anangojea, mi nitamunyanganya je mutoto yake mara ya pili?"

Koko alikaa kwenye kizingiti. Chujio lilikuwa linadondosha maji kwenye miguu yake na hakuliweka chini. Alisema, kwa utulivu wa mtu anayetaja vitu vya nyumbani kwake, kwamba pipa halikuwa tupu. Alirudi jioni ile, akaondoa jiwe lililokandamiza kifuniko, akafunua. Asukulu alikuwa amejikunja, shavu kwenye magoti, kama anavyolala siku zote. Nguo zake zilikuwa na harufu ya lutuku. Akamtoa, akamwosha, akamzika mwenyewe nyuma ya jiko kwa jembe la muhogo, akasawazisha udongo. Kesho yake mwanawe mkubwa alipotokea porini mzima, akiuliza mdogo wangu yuko wapi, alimtazama, na akasema pipa lilikuwa tupu.

"Ni weye ulifunika," alimwambia Papa. "Ungeishi namna gani?"

"Na jiwe niliweka mimi."

"Nani alikutuma? Si mi nilikutuma? Mutoto anayetumwa hana kosa. Ni mama yake alimuingiza mu pombe yake." Akapumua. "Sikupika tena. Na sikulala tena ku kitanda, juu mwenye kufiwa analala chini mpaka bamutoe matanga. Nilikuwa nafanya matanga yake peke yangu, kimya, ili weye usijue."

Nikafahamu mkeka. Nilikuwa nimelala kando ya msiba miaka yote ile, nikiwa juu ya godoro.

Alisema pia kwamba anazeeka, na hakutaka kufa akiwa bado chini. Alikuwa apike kasiksi ya kumtoa mwanawe matanga, aimwage kidogo pale uani wazazi wangu wakiwa kazini, anyolewe, basi. Papa asingejua kitu. Papa alilia kwa sauti, mikono kichwani, na Koko akaondoka kizingitini, akaja akakaa upande wake mwingine. Nilikaa nao pale na sikuelewa hata nusu. Nilichoelewa ni kwamba baba mdogo haji. Nikalia kwa ajili hiyo tu, na wao wakadhani nalilia mgongo.

Pombe haikumwagwa uani. Papa, mtu wa kanisa, aliichuja mwenyewe usiku haujaingia, akaitia kwenye madumu, na Ijumaa tukafunga safari kwenda Lackawanna, kaskazini karibu na Buffalo, kwa shangazi, dada yao Papa na Asukulu, ambaye ana nyumba yenye ua. Kasiksi haipendi safari. Madumu yalivimba nyuma ya gari, na kila tuliposimama kuweka mafuta Papa alizunguka kulegeza vifuniko, yanapiga mluzi, huku akitabasamu kwa wazungu waliogeuka kutazama. Hapa Columbus tulisimama kwa muda mrefu kwa sababu dumu moja lilipasuka kwenye viatu vya mama yangu. Koko alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo, na nilimwogopa kidogo.

Shangazi alikuwa ameambiwa kwenye simu. Alitufungulia mlango akiwa tayari amevaa kitenge cha msiba, macho yamevimba, akamkumbatia kaka yake muda mrefu bila kumsalimia mtu mwingine. Kesho yake mchana wakaja Wabembe wachache wa pale, watu wa viwandani na wa kutunza wagonjwa, wakakaa kwenye mikeka uani. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kutoka upande wa majengo matupu ya chuma. Mzee mmoja wa kanisa akaomba. Shangazi akamnyoa Koko kwa wembe, nywele nyeupe zikaanguka kwenye taulo. Kasiksi ikapita, na walokole wote wakanywa, kila mmoja funda lake, bila kutazamana. Koko akamwaga kidogo chini, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Kisha, kama ilivyo desturi, ndugu wa marehemu akatakiwa kusimama aeleze aliyelala alikuwa nani. Papa akasimama. Akafungua mdomo, akataja jina, jina la baba yao, mahali. Halafu akanyamaza. Aliyekuwa amemsimulia kwa miaka yote ile alikuwa kijana mrefu mwenye ndevu, aliyemjenga mwenyewe Jumapili baada ya Jumapili, na huyo hakuwahi kuwepo. Yule mwingine, aliyekuwepo, hakumkumbuka tena. Niliona anavyomtafuta usoni mwa watu.

"Mama," alisema mwishowe, "alikuwa namna gani?"

Koko, na kichwa chake kipya kilichong'aa, akanyoosha mkono akaniita. Nilipita katikati ya miguu ya watu. Akanisimamisha mbele ya Papa, akaweka kiganja chake begani pangu, wima, vidole vikitazama juu, kama tunavyoonyesha kimo cha binadamu. Ncha za vidole zilifika kwenye sikio langu tu.

"Alikuwa nafika hapa," alisema.

Nami nilikuwa mfupi hata darasani kwetu. Papa aliutazama mkono ule. Akapiga magoti kwenye nyasi, akajiinamisha mpaka mdomo wake ukawa sawa na vidole vya mama yake, akaanza kuzungumza na mdogo wake kwa Kibembe, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto mwenye homa. Mimi nilisimama tuli, sikupangusa hata pua, kwa sababu nilijua nikisogea atapotea tena.